Hesabu ya Waliosema

Siku ya kwanza ya mafunzo hakuna aliyeambiwa akae wapi, lakini kila mtu alikwenda moja kwa moja mahali pake kana kwamba viti vilikuwa vimeandikwa majina. Mbele, chini ya feni, walikaa Msimamizi wa chumba cha kufulia, Karani wa Stoo, na mabwana wengine watatu wa ofisini, wote na kalamu kwenye mfuko wa shati. Nyuma yao wakakaa manesi. Nyuma ya manesi wakakaa wafagiaji wa wodi. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kuitwa kazini bila kuwasumbua wakubwa, walikaa wanawake wanne wanaofua mashuka, na kando yao wabeba wagonjwa wawili, mtunza bustani na mchoma taka.

Mmoja wa wale wanawake wanne aliitwa Mama Pacha. Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, tena zuri, lakini hospitali nzima ilishalisahau tangu alipojifungua mabinti wawili kwa mkupuo katika wodi ya ghorofa ya pili, akarudi kazini baada ya likizo akiwa na mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Mabinti wenyewe sasa walikuwa kidato cha pili. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita katika chumba cha kufulia, chumba kirefu chenye mashine kubwa mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikifanya kelele. Ungempa shuka chafu akiwa amefumba macho, angekwambia limetoka wodi gani.

Mafunzo yenyewe yaliletwa na shida. Kwa miezi kadhaa vidonda vya watu waliofanyiwa upasuaji vilikuwa haviponi sawasawa. Mama amejifungua kwa operesheni, karuhusiwa akienda nyumbani anatabasamu, baada ya siku nne amerudi na homa na mshono unatoa usaha. Mkuu wa hospitali akaamua kwamba kila anayefanya kazi humo, awe wa koti jeupe au wa ufagio, afundishwe kuzuia maambukizi. Kila Jumanne na Alhamisi mchana, kwa miezi mitatu, katika ukumbi wa mikutano.

Mwalimu aliletwa kutoka chuo cha afya. Alikuwa mzee mwembamba aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, miwani yake imefungwa kamba isije ikadondoka, na kila akimaliza jambo alisema, “Tuendelee.” Kufikia Alhamisi ya kwanza wafagiaji walishambatiza Mwalimu Tuendelee, na yeye aliposikia akacheka, akasema ni afadhali hilo kuliko yale aliyowahi kupewa huko nyuma.

Alifundisha vizuri. Alichora vijidudu ubaoni vikiwa na miguu na meno, akaeleza jinsi vinavyosafiri kwa mikono, kwa maji, kwa nguo. Kisha anauliza swali, na mbele pale mikono inanyanyuka. Karani wa Stoo hakungoja hata kunyanyua mkono. Alikuwa anaanza kujibu swali likiwa bado mdomoni mwa Mwalimu. Msimamizi naye alijibu kwa sauti ya mtu anayetoa amri. Mwalimu anaitikia, “Vizuri. Tuendelee,” na darasa linakwenda.

Siku moja aliuliza kwa nini shuka lenye unyevu lisikunjwe na kuwekwa kabatini. Msimamizi akajibu kwamba litanuka. Mwalimu akakubali, akataka kuendelea. Mama Pacha alikuwa anajua kwamba harufu ndiyo dogo. Alikuwa ameshaona, kwa macho yake, madoa meusi yanayoota kwenye mikunjo ndani ya siku mbili, na alikuwa anajua kabati gani na kona gani. Maneno yalimfika kwenye ulimi, akayameza.

“Sema,” alinong’ona Bibi Ufagio, mfagiaji mkubwa kuliko wote, aliyekaa mbele yake.

“Siwezi.”

“Kwa nini?”

Mama Pacha akanyooshea kidevu shingo ya Msimamizi, kule mbele. Bibi Ufagio akaelewa. Msimamizi ndiye aliyepanga zamu. Ukimsahihisha mbele za watu Jumanne, Jumatano unajikuta kwenye ndoo za wodi ya majeraha peke yako, na huna pa kulalamikia. Na hata kama asingefanya hivyo, kulikuwa na jambo jingine la zamani zaidi. Mama Pacha alilelewa katika nyumba ambayo kaka zake walikuwa wakizungumza na baba sebuleni, na yeye akileta maji ya kunawa. Alijifunza kuingia chumbani na kutoka bila mtu kugundua. Alikuwa hodari wa hilo. Sasa, akiwa na miaka thelathini na minane, hakujua pa kuanzia kulisahau.

Jioni alimsimulia mumewe, ambaye ni fundi seremala.

“Si useme tu?” mume alimwambia, akipangusa vumbi la mbao mikononi. “Unajua kuliko wao.”

“Wewe unaona rahisi. Hujawahi kukaa darasa moja na bosi wako.”

“Mimi sina bosi.”

“Unaye. Bosi wako ni msumari. Hata umpige nyundo hakusemi.”

Mabinti wakavunjika mbavu kwa kicheko. Mama yao naye akacheka, lakini baadaye mmoja wao, yule aliyetangulia kuzaliwa, alimwambia polepole, “Hata mimi, mama, darasani sisemi. Wavulana wakicheka mara moja, basi.” Neno hilo lilimkaa Mama Pacha rohoni wiki nzima.

Wiki ya tatu Mwalimu akatoa jaribio la kuandika, maswali kumi. Alhamisi alirudi na karatasi, akazigawa mwenyewe, akiita kwa orodha ya wafanyakazi. Alipofika kwa jina la Mama Pacha, hakuna aliyeitikia, kwa sababu hata mwenyewe alikuwa hajazoea kuitwa hivyo. Mpaka Bibi Ufagio akamgusa goti. Akaenda mbele, akapokea karatasi yake kwa mikono miwili. Ilikuwa na tisa kwa kumi. Mwalimu alimtazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka walikutana wapi.

Darasa lilipomalizika alimwita. Mama Pacha akajua ameharibu kitu. Akasimama mbele ya meza huku anajifuta mikono kwenye gauni ingawa ilikuwa mikavu.

“Mama, mimi nimekufundisha wiki tatu,” Mwalimu alisema, “na leo ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yako, tena umesema ‘ahsante’ tu. Nimesahihisha karatasi hizi usiku na mchana. Wenye alama za juu, karibu wote, sijawahi kuwasikia. Na mmoja anayejibu kila siku amepata nne. Ama mimi nimekuwa kiziwi, ama kuna jambo.”

Mama Pacha akatazama sakafu.

“Sikulazimishi kusema. Nataka unisaidie kazi. Kule kufulia mnahesabu mashuka?”

“Tunahesabu, Mwalimu. Yanayoingia na yanayotoka, kila wodi.”

“Basi nihesabie watu. Vipindi viwili vijavyo. Kila mtu akisema, piga kijiti. Mwanaume upande huu, mwanamke upande huu. Aliyekatizwa kauli kabla hajamaliza, mwandike, na aliyemkatiza. Usimwonee mtu haya. Na mimi nimo.”

Kazi ya kuhesabu haikumtisha. Hiyo aliijua. Jumanne na Alhamisi alikaa mahali pake karibu na mlango, daftari la mmoja wa mabinti likiwa gotini, akipiga vijiti. Upande wa wanaume vilijaa upesi, vitano vitano, mpaka akaanza mstari mwingine. Upande wa pili kalamu ilikuwa inakauka. Alipomaliza kipindi cha pili alidhani atamkabidhi Mwalimu daftari na kazi imeisha.

Jumanne iliyofuata Mwalimu akasimama mbele ya darasa na kusema, “Nilimwomba Mama Pacha atupime. Leo atatusomea hesabu yetu.”

Vichwa ishirini na tano viligeuka nyuma. Akawaza kusema daftari limesahaulika nyumbani, lakini lilikuwa pale mkononi, watu wote wanaliona. Bibi Ufagio akamwambia kwa midomo bila sauti, “Jikaze kisabuni.” Neno lile, kuambiwa mtu wa kufua, lilimfanya atake kucheka, na kile kicheko kidogo ndicho kilichomwinua kitini.

“Tuko ishirini na sita,” alisoma. Sauti yake ilitoka nyembamba, akakohoa, akaanza tena. “Tuko ishirini na sita. Wanawake kumi na saba, wanaume tisa. Katika vipindi viwili watu wamesema mara arobaini na nane. Wanaume, mara arobaini na nne. Wanawake, mara nne.”

Akashuka kwa kidole mpaka mstari uliofuata.

“Hizo arobaini na nne za wanaume zote ni za watu watano, wale wa mbele. Wabeba wagonjwa, mtunza bustani na mchoma taka hawakusema kitu. Kwa hiyo si wanawake peke yao.” Akageuza ukurasa. “Mara nne za wanawake. Moja, nesi aliomba dirisha lifungwe. Ya pili, mfagiaji aliuliza tuko ukurasa wa ngapi. Ya tatu, nesi alianza kujibu swali la glavu, akakatizwa. Ya nne, Bibi Ufagio alianza kueleza habari ya maji ya kudekia, akakatizwa. Kwa hiyo…” Akasita. “Kwa hiyo hakuna mwanamke aliyemaliza jibu lake. Dirisha lilifungwa lakini.”

Mtu akacheka nyuma, kisha wengine.

“Nani aliwakatiza?” Mwalimu akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mama Pacha alitazama daftari kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma mistari miwili.

“Bibi Ufagio alikatizwa na Karani wa Stoo. Nesi alikatizwa na…” Akainua macho. “Na wewe, Mwalimu. Ulisema ‘tuendelee’.”

Mwalimu alivua miwani, ikabaki inaning’inia kwa kamba yake. Alimtafuta yule nesi kwa macho. “Dada, ni kweli?”

“Ni kweli, Mwalimu,” nesi akasema.

“Nisamehe. Ulitaka kusema nini?”

“Nimeshasahau,” nesi akajibu, na darasa zima likacheka, hata yeye mwenyewe, lakini Mwalimu hakucheka.

Karani wa Stoo hakuvumilia. “Kwani kuna aliyewafunga midomo? Midomo si wanayo?”

“Tunayo, Bwana Stoo,” Bibi Ufagio alisema bila kugeuka. “Ila wiki iliyopita nilipoufungua wangu uliufunga wewe. Hata leo naona umeshika kufuli.”

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, mchoma taka akapiga meza. Katikati ya vicheko vile Mama Pacha alimwona Msimamizi. Alikuwa hacheki. Alikuwa amegeuza kiti nusu, anamtazama yeye.

Tangu siku ile Mwalimu akabadilisha mambo. Viti vikapangwa duara. Swali likitoka, kila mtu aliandika kimya dakika tatu kabla ya yeyote kusema. Maneno yalianzia mlangoni, si chini ya feni, na hakuna aliyeruhusiwa kusema mara ya pili mpaka wote wapate zamu. Asiye na la kusema aseme “napita.”

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu tupu. Nusu ya duara walisema “napita,” mtunza bustani alisema “napita” kabla hata swali halijaulizwa, na Karani wa Stoo akatazama saa yake kila baada ya dakika mbili. Kipindi cha pili, mchoma taka, mtu ambaye hata sauti yake wengi hawakuijua, alieleza kwamba upepo ukivuma kutoka bondeni, majivu ya taka zake huingia moja kwa moja kwenye madirisha ya jikoni. Hakuna aliyekuwa analijua hilo. Mkuu wa manesi, ambaye watu humwita Metroni na ambaye huwa hachelewi kukunja uso, aliacha kuandika akamtazama. “Mbona hukusema?” Yule bwana akasema, “Nani aliniuliza?”

Wiki ya sita Mwalimu akaandika swali moja tu ubaoni: *Kwa nini vidonda vya wodi ya upasuaji haviponi?*

Dakika tatu za kuandika. Mama Pacha aliandika mstari mmoja, akaufuta, akauandika tena. Jibu alikuwa nalo tangu mwezi wa pili. Chumba cha kufulia kilikuwa na toroli mbili, moja ya kuleta mashuka machafu, nyingine ya kurudisha masafi. Toroli ya masafi ilivunjika gurudumu. Ikasukumwa nyuma ya jengo, ikawa kibanda cha paka, na toroli iliyobaki ikafanya kazi zote mbili. Asubuhi inabeba mashuka yenye damu na usaha, mchana inapanguswa kwa kitambaa na kubeba mashuka yaliyopigwa pasi kwenda kwa watu wenye mishono mibichi. Alikuwa amemwambia Msimamizi. Alimwambia mara mbili.

Zamu ilianzia mlangoni. Mbeba wagonjwa wa kwanza akasema habari ya machela. Wa pili akapita. Kisha ikawa zamu yake.

Akawaza habari ya zamu za Jumatano. Akamwaza binti yake, yule wa “sisemi.” Kisha, alisema baadaye, hakuwaza tena, alisikia tu sauti yake inatoka.

“Mimi naona ni toroli. Tunayo moja tu. Inayochukua machafu ndiyo inayorudisha masafi.”

Metroni akainua kichwa. “Tangu lini?”

“Tangu mwezi wa pili. Ilipovunjika gurudumu.”

Metroni akahesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza. Mwezi wa pili. Wagonjwa walianza kurudi mwezi wa tatu. “Mbona haikusemwa?” akauliza kwa ukali.

Macho yote yakawa kwake. Mama Pacha angeweza kutaja mtu. Hakutaja.

“Ilisemwa,” alijibu. “Haikusikika.”

Kiti kikakwaruza sakafu. Msimamizi alisimama, akachukua daftari lake, akatoka nje. Mlango haukubamizwa, ulifungwa taratibu, na hiyo ikawa mbaya zaidi.

Usiku ule Mama Pacha hakula vizuri. Mumewe alimwambia asihofu, hospitali si ya Msimamizi. Lakini alikuwa anajua watu waliomwaga unga kwa makosa madogo kuliko hilo. Asubuhi alifika kazini mapema, akiwa ameshapanga maneno ya kujitetea, akakuta mlango wa chumba cha kufulia uko wazi.

Msimamizi alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono ya shati ameikunja, akikaza gurudumu jipya kwenye toroli ya zamani. Toroli ilikuwa imeoshwa mpaka bati linang’aa. Pembeni paka alikuwa amekaa, amenuna kwa kunyang’anywa nyumba.

“Habari ya asubuhi, bosi.”

“Nzuri.” Hakuinua kichwa. Akakaza nati nyingine. “Mama Pacha, mara ya kwanza uliniambia lini?”

“Wiki ile ile ilipovunjika.”

“Nikakujibu nini?”

Akafikiri amjibu vipi. Kisha akaona kwamba ameshavuka mto, hakuna haja ya kuogopa ukingo.

“Ulisema nishike sabuni yangu, mambo ya magurudumu niwaachie wanaume.”

Msimamizi alikaa juu ya visigino vyake. “Nilisema hivyo?”

“Ulisema hivyo, bosi. Ulikuwa unakunywa chai.”

“Na mara ya pili?”

“Mara ya pili hukujibu. Ulimwambia yule mwenzangu wa mashine apunguze kelele.”

Msimamizi aliigeuza spana mkononi. Mama Pacha aliona jambo ambalo hakulitegemea: masikio ya yule bwana yalikuwa yanamwiva kama ya mtoto aliyefumaniwa akilamba sukari.

“Dada yangu mdogo alifanyiwa operesheni humu mwezi wa nne,” alisema hatimaye. “Alirudi wodini mara mbili na kidonda. Alipona, lakini aliteseka. Jana nilitoka darasani kwa sababu nilipiga hesabu. Shuka lake nililipeleka mwenyewe, kwa toroli ile, nikiona nimemfanyia upendeleo.” Akajifuta uso kwa mkono wenye grisi, ikabaki alama shavuni. “Nisamehe. Na ahsante kwamba hukunitaja.”

Mama Pacha, ambaye alikuwa amekuja na maneno ya kujitetea, hakuwa na ya kusamehe yaliyopangwa tayari. Akachukua kitambaa, akamwonyesha shavu. “Una grisi hapo, bosi,” alisema. Na yule bwana akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetua mzigo, akapokea kitambaa.

Wiki hiyo hiyo mtu wa maabara alipitisha pamba kwenye mashuka masafi yaliyowahi kubebwa na ile toroli moja, na majibu yakawa kama walivyohofia. Toroli mbili zikatenganishwa, moja ikapakwa mstari mwekundu, na maabara wakaendelea kupima kila Ijumaa. Vidonda havikukoma vyote, kwa sababu kulikuwa na mambo mengine, la maji ya kudekia likiwemo, ambalo Bibi Ufagio hatimaye alilimaliza kulieleza bila mtu kumkatiza. Lakini wagonjwa wanaorudi na mshono uliooza walipungua, wakapungua tena, mpaka mwezi mmoja ukapita bila hata mmoja. Metroni alikuja mwenyewe chumba cha kufulia kutoa habari hiyo. Hakukunja uso.

Si kila mtu aligeuka mwema. Karani wa Stoo alijifunza kusema “samahani, nakukatiza kidogo,” kisha akakatiza vilevile. Mtunza bustani alipita mpaka siku ya mwisho, ila siku hiyo ya mwisho alisema, kwa ufupi, kwamba anashukuru kuulizwa kila wiki hata kama hakuwa na neno.

Siku ya kufunga mafunzo darasa lilimchagua Mama Pacha kutoa shukrani. Alisimama katikati ya duara, bila daftari. “Mwalimu,” alisema, “sisi tuliokaa karibu na mlango tulidhani hatusemi kwa sababu hatujui. Ulipotuhesabu ndipo tukajua kwamba tunajua. Mungu akulipe.” Alitaka kuongeza mengine lakini sauti ilimkwama, akakaa. Msimamizi ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Mwaka uliofuata Mwalimu Tuendelee alistaafu. Jumapili moja Mama Pacha aliwachukua mabinti wake, wakaulizia njia mpaka nyumbani kwake. Walimkuta uani akiwa na kofia ya majani, anapigilia mbao za banda la kuku, na kazi hiyo, mke wa seremala aliona mara moja, haikuwa kazi yake ya kuzaliwa nayo. Mke wa Mwalimu aliwakaribisha, akaleta viti na chai.

“Nimekuja kukushukuru vizuri,” Mama Pacha alisema. “Siku ile nilikwama.”

Alimsimulia yaliyotokea. Kwamba sasa yeye ndiye anayewafundisha wafanyakazi wapya wa kufulia. Kwamba mwanzoni alijikuta anamuuliza kila kitu kijana mmoja mrefu mwenye maneno mengi, huku binti wa kimya aliyekuwa anajua mashine kuliko wote akisimama nyuma, na alipogundua aliona aibu mpaka akaomba radhi. Kwamba pacha aliyetangulia alinyanyua mkono darasani mwezi uliopita, wavulana wakacheka, na yeye akajibu hivyo hivyo.

“Nilikosea lile jibu,” pacha akasema.

“Alikosea,” mama akakubali kwa fahari. “Lakini alilimaliza.”

Mzee alitikisa kichwa, akainamia kikombe chake. “Miaka thelathini na moja nimefundisha,” alisema. “Nilihesabu mwaka wa mwisho tu. Wakati mwingine nawaza wale wa nyuma, wote wale, niliosema ‘tuendelee’ juu yao. Sijui hata majina.”

Mama Pacha hakuharakisha kumtuliza. Aliona kwamba huzuni ile ni ya haki, na kwamba mtu ana ruhusa ya kuwa nayo.

“Hao sijui, Mwalimu,” alisema baadaye. “Ila mimi nilikuwa wa nyuma, na ulinifikia. Na wagonjwa wangu nao. Na hawa.” Akawaonyesha mabinti. “Ahsante sana. Nimetoka mbali kuja kulisema hilo kwa mdomo wangu.”

Mzee alifungua mdomo kujibu, lakini pacha wa pili, aliyekuwa akilitazama lile banda tangu walipoingia, alishamtangulia, akitaka kujua kwa nini mlango wake unafungukia ndani na kuku watapita wapi. Mwalimu aligeuka kulitazama, akajikuna kichwa chini ya kofia, na kukiri kwamba hakuwa amefikiria kuku.